Kupima oili kwenye pikipiki ya zamani: CG125 ya mzee na wenzake wa rika lile

Mzee wangu alinunua Honda CG125 mwaka 1986 enzi hizo akiwa bwana shamba, na mpaka leo ipo hai, naiendesha mimi hapa Morogoro. Watu wakiniuliza siri yake wanategemea niwatajie oili fulani ya bei mbaya, kumbe wala, siri ni kijiti. Mzee kila Jumamosi asubuhi kabla hajagusa chai alikua anachomoa kile kijiti cha oili, anafuta, anachovya, anaangalia, anaandika kwenye daftari lake la shule lenye picha ya twiga. Mi nilikua namcheka sana. Afu pikipiki ikaja kwangu, na kicheko nikakilipia Gairo barabarani, nitafika huko.

Kwanza muelewe hii injini ikoje. Honda waliitoa CG mwaka 1976 wakiwalenga watu wa nchi kama zetu, mtu anayebeba mizigo, anapita vumbi, na sevisi anafanya akikumbuka. Valvu zinasukumwa na fimbo, hakuna mnyororo wa kuhangaika nao kule juu. Filta ya karatasi kama ya gari haina, ina wavu mdogo wa chuma tu na kikombe kinachozunguka kwenye ncha ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), uchafu unatupwa pembeni na kuganda humo. Viwanda vya China waliiga hii injini wakazalisha kwa wingi, kwahiyo bodaboda nyingi unazoziona stendi ni wajukuu wa CG, na karibu kila ninachosema hapa kinawahusu hata wenye pikipiki mpya za ukoo huo.

Sasa oili yote humo ndani ni kama lita moja tu. Lita moja! Na hiyo hiyo ndo inalainisha pistoni, ndo inaogesha klachi, ndo iko kwenye gia, na kwakua injini inapozwa na upepo tu, hiyo oili inasaidia pia kubeba joto. Gari dogo lina lita tatu nne huko, likipoteza nusu lita halisemi kitu. Kwenye CG nusu lita ni nusu ya uhai wake. Ndo maana mi siku zote nawaambia jamaa, suala la oili nyeusi au nyeupe, ya kampuni gani, hayo yatafuata, la kwanza ni je, IPO ya kutosha?

Vitu vya kuandaa: kitambaa safi kisichoacha nyuzi (fulana ya zamani ya pamba inafaa, zile tambara za gereji zenye mchanga hapana), kifaneli, chupa tupu ya maji ya nusu lita uliyoichora alama kila ml 50, na daftari. Chupa ni muhimu, usiidharau.

Hatua ya 1: tafuta sehemu tambarare kweli kweli. Sakafu ya baraza, siyo uani kwenye mteremko wa maji. Kama huna uhakika weka chupa ya soda ilale chini uone inabingirika au inatulia.

Hatua ya 2: washa injini iache inguruma taratibu dakika tatu mpaka tano, zima, afu subiri dakika mbili tatu. Hapa wengi wanakosea pande zote mbili. Kuna anayepima akishazima tu, oili bado imening'inia kule juu kwenye roka (vile vyuma vinavyobonyeza valvu) na ukutani, kijiti kinamwambia imepungua, anaongeza, kesho yake imezidi. Na kuna anayepima asubuhi ikiwa baridi kabisa, oili yote imeshuka na imesinyaa, inasoma tofauti na jana jioni. Kupima baridi siyo dhambi ila ukiamua baridi basi iwe baridi siku zote, usichanganye, maana hapo daftari lako halitakua na maana yoyote. Mi nafuata moto kwasababu ndo jinsi kitabu cha pikipiki kinavoelekeza.

Hatua ya 3: pikipiki isimame wima, kwenye stendi ya katikati. Kama stendi yako imekatika (najua wengi zimekatika) muite mtu aishikilie wima we uchungulie. Stendi ya pembeni haifai hata kidogo. Fikiria mwenyewe, kijiti cha CG kiko upande wa kulia, stendi ya pembeni inalaza pikipiki kushoto, oili inakimbilia kushoto, kijiti kinatoka kikavu. Mtu anashtuka, anamimina, anamimina, kumbe ilikua imejaa. Wiki inayofuata anakuja analalamika pikipiki nzito, inatema oili kwenye bomba la kupumulia, filta ya hewa imelowa chapachapa, na sili inavuja. Oili ikizidi krenki inaipiga kama uji, inafanya povu, na povu halilainishi kitu.

Hatua ya 4, na hii ndo ya Gairo. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe BILA KUKIFUNGA. Kiache kikae tu juu ya nyuzi zake za kufungia, kiguse, afu kitoe usome. Usikizungushe. Alama za kijiti cha Honda za namna hii zimepigwa kwa hesabu kwamba kizibo kimekaa juu hakijafungwa.

Mi sikujua. Mzee hajawahi kuniambia na mi sikuwahi kumuuliza, maana nilikua namuangalia kwa mbali nacheka. Nilivyoanza kupima mwenyewe nilikua nafunga mpaka mwisho kama mtu mwenye adabu, nafungua, nasoma, naona oili iko alama ya juu, naridhika. Kwenye kijiti changu urefu wa zile nyuzi ni karibu sawa na nafasi iliyopo kati ya alama ya juu na ya chini, nilikuja kupima na rula baadae. Maana yake mi nilikua nasoma "imejaa" wakati kiukweli iko alama ya chini. Nikatoka Moro naelekea Dodoma, jua kali, nimepakia mkungu wa ndizi na begi, naenda themanini muda wote bila kupumzika. Kabla ya Gairo nikaanza kusikia kichwani mwa injini tiki tiki tiki kama cherehani. Nikajidanganya ni valvu. Nilipoingia mjini fundi mmoja kijana kabisa, rika la mdogo wangu wa mwisho, akainama akasikiliza, akachomoa kijiti, akafuta, akachovya bila kufunga, akanionesha. Kikavu. "Bro, umekuja na nini hapa, na dua?" Wallahi sikua na jibu. Tukaweka karibu nusu lita ndo ikafika alama. Bahati yangu injini za hizi ni ngumu, ikanyamaza, ila roka mbili nilikuja kubadilisha baada ya hapo, zilikua zimelika.

Angalizo lakini: siyo pikipiki zote ni hivo, kuna zinazotaka kijiti kifungwe ndo usome, na kuna zenye kidirisha cha kioo ubavuni hazina kijiti kabisa. Kitabu cha pikipiki yako ndo mwenye neno la mwisho.

Na kitu kingine ambacho mafundi hawasemi: pikipiki ya miaka thelathini arobaini kuna uwezekano mkubwa kijiti chake siyo chake. Kilishavunjika zamani, mtu akaokota cha pikipiki nyingine kikaingia, nyuzi zikakubali, maisha yakaendelea, wakati urefu ni tofauti kabisa. Ukinunua pikipiki ya zamani usikiamini kijiti mpaka umekihakikisha. Mwaga oili yote ikiwa ya moto, subiri itiririke mpaka iishe matone, mimina kiasi kamili kilichoandikwa kwenye kitabu (baadhi ya injini wamekichora kwenye kava karibu na tundu la oili), washa, zima, subiri, chovya. Pale oili ilipofika ndo alama yako halisi ya juu. Kama hailingani na iliyopo, piga mstari wako na msumeno mdogo wa chuma, piga kidogo tu, usikikate.

Hatua ya 5: kusoma. Shika kijiti kikiwa kimelala usawa, usikisimamishe ncha juu maana oili itatembea itakudanganya. Kwenye oili mpya nyeupe huoni vizuri, kigeuze kwenye mwanga. Ikiwa kati ya alama mbili uko salama, mi napenda iwe robo tatu kwenda juu. Ikiwa alama ya chini usiseme nitaweka kesho.

Hatua ya 6: kuongeza. Hapa ndo ile chupa yenye alama inafanya kazi. Mimina ml 50, washa kidogo, zima, subiri, pima tena. Inachosha, najua, lakini kuongeza ni sekunde moja na kupunguza mpaka ulale chini ufungue nati. Ukifika unapotaka andika daftarini: tarehe, kilomita, umeongeza kiasi gani. Kama spidometa imekufa (za umri huu nyingi zimekufa) andika umejaza petroli lita ngapi toka mara ya mwisho, itakupa picha.

Kwanini nasisitiza daftari? Injini ya zamani kula oili kidogo ni kawaida, ringi za pistoni zimelegea, gaidi za valvu (vile vimirija valvu inapopita) zimechoka. Yangu inakula kama ml 150 kila kilomita elfu moja na nimekubaliana nayo. Ila siku nikiona ghafla imekula 300 najua kuna jambo. Bila namba huwezi kujua, utabaki na "naona kama inakula sana sikuhizi".

Ikipungua kwa kasi tafuta kati ya njia mbili, inavuja au inaungua. Kuvuja: osha injini, ikauke, laza boksi jeupe chini usiku kucha, asubuhi doa litakuonesha. Sehemu zinazopenda kuvuja ni sili ya shafti ya gia, sili ya nyuma ya sproketi ndogo (hii inajificha, matope ya mnyororo yanaifunika, unadhani ni grisi), shafti ya kiki, na oringi ya kijiti chenyewe ambayo bei yake ni ya kashata mbili tatu tu watu wanaiacha. Kuungua: angalia moshi wa bluu. Ukitoka asubuhi unawasha unatoa wingu moja afu linaisha, au unashuka mlima umeachia moto (aksereta) afu ukivuta tena linatoka wingu, hizo kwa kawaida ni sili na gaidi za valvu. Moshi ukitoka muda wote unapovuta hasa ukiwa na abiria, hizo ringi na silinda, andaa hela.

Sasa kuna jambo la kutisha kuliko kupungua, nalo ni oili KUONGEZEKA. Umepima Jumamosi iko katikati, Jumamosi inayofuata imepita alama ya juu na hujaongeza. Usifurahi! Nusa kijiti. Kama kinanuka petroli basi sindano ya kabureta haifungi, na we unapaki bila kufunga koki ya tenki, petroli inashuka usiku inaingia silinda inapita pembeni ya pistoni inaenda kukaa kwenye oili. Oili inakua nyepesi kama maji. Usiiwashe, mwaga yote, rekebisha kabureta kwanza ndo uweke nyingine. Na kufunga koki kila unapopaki iwe tabia, mzee alikua anafunga hata akisimama dukani kununua sukari.

Ikiwa haina harufu ila ina rangi ya maziwa au chai ya rangi iliyotiwa maziwa kidogo, hayo maji. Umevuka mto, au umeosha na ile pampu ya presha karibu na bomba la kupumulia, au unaendesha safari fupi fupi za dakika tano injini haipati moto wa kukausha unyevu wake. Utando kidogo chini ya kizibo tu msimu wa baridi siyo kesi, safari moja ndefu inaukausha. Kijiti chote kikiwa maziwa, mwaga.

Weusi? Weusi peke yake usikutishe, oili inayosafisha inakua nyeusi. Isugue kati ya vidole, ukisikia chenga chenga, au ukiona inameta meta juani, hapo ndo uwe na wasiwasi.

Oili ipi. Kwa joto letu 20W-50 (hizo namba ni uzito wa oili) ya madini inaikaa vizuri injini iliyolegea, 10W-40 pia inafanya kazi kama injini bado imekaza. Kikubwa geuza galoni utafute maneno JASO MA au MA2. Hiyo ni alama ya oili ya pikipiki ambazo klachi inaogelea humo humo. Oili nyingi za magari za sikuhizi, hasa zile nyepesi za kubana mafuta, zina dawa za kuteleza, ukiziweka humu klachi nayo inateleza, unavuta moto injini inalia pikipiki haiendi, unaanza kununua sahani za klachi bure. Na oili ya kupima kwenye dramu mi siigusi, siyo kwamba zote mbaya, ila huwezi kujua ilikua wapi jana.

Kubadilisha nitapita haraka maana wengi mnajua. Injini ya moto, beseni chini, fungua nati ya kumwagia, na kile kizibo kikubwa chenye springi na wavu kwa zilizonacho, wavu uoshe na petroli na uutazame una nini: vipande vya gasketi, silikoni aliyoweka fundi wa zamani kama anapamba keki, au vyuma. Ile washa ya nati (kipete cha kuzuia kuvuja) ibadilishwe. Kaza kwa mkono na spana ya kawaida, USIUNGE BOMBA kwenye spana, ile kava ni aluminiamu, thredi ikila ni kesi ya kwenda kwa mchonga vyuma. Mimina ml 800 kwanza, afu endelea kwa kupima, kwasababu ya zamani haitoki yote. Mi nabadilisha kila kilomita 1,500 na sijutii. Ile chafu usimwage mtaroni, kusanya kwenye galoni uwape gereji, na wale wa mbao nao wanaitafuta, wanapaka dhidi ya mchwa. Kile kikombe cha kwenye krenki ni mpaka ufungue kava la kulia, kwahiyo siku yoyote fundi akifungua klachi mwambie akisafishe, utashangaa tope lililomo.

Wenye Vespa, na najua Unguja mko wengi, nyie habari yenu ni nyingine. Ile ni injini ya viboko viwili (two-stroke), haina kijiti cha oili ya injini kwasababu oili inaungua pamoja na petroli. Vespa za modeli ya PX za kuchanganya kwa mkono ni asilimia mbili, yaani ml 20 kwa kila lita ya petroli, ukiweka lita tano ni ml 100, pima usikisie kwa jicho. Tumia oili ya viboko viwili, siyo ya CG. Zile zenye tenki lake la oili zina kidirisha, kichungulie kila unapojaza, na hata Yamaha za zamani zenye mfumo wao wa kujichanganyia ni hivo hivo: siku tenki la oili likikauka pistoni inajamu, na huwa haikupi muda wa kujieleza. Ila Vespa ina oili ya pili ambayo watu wanaisahau miaka, ya giaboksi, ml 250 tu ya SAE 30. Iweke wima kwenye sehemu tambarare, fungua skrubu ya kujazia, oili inatakiwa ifike kwenye mdomo wa tundu. Ukiona giaboksi inapungua na bomba linatoa moshi mzito kuliko kawaida, shuku sili ya krenki upande wa klachi, injini inainywa kwa ndani.

Mwisho kwa wachache wenye Triumph na BSA za Uingereza, wengi wenu mko huko huko au mmerithi kwa babu. Hizo oili haikai chini ya injini, inakaa kwenye tenki lake pembeni, na kwenye Triumph Bonneville za kuanzia 1971 iko ndani ya fremu yenyewe, pampu moja inapeleka nyingine inarudisha. Ikipakiwa wiki kadhaa oili inajipenyeza kidogo kidogo kwenye pampu inashukia kwenye krenki. Unafika, unafungua tenki, unaona limepungua nusu, unajaza. Ukiwasha ile iliyokua chini inarudi yote juu, tenki linafurika, gurudumu la nyuma linaoga oili, na ukitoka nalo hivo kona ya kwanza unaweza kwenda chini. Kwahiyo kwa hizo utaratibu ni huu: kama imekaa muda mrefu, mwaga kwanza iliyoko chini kwenye krenki uirudishe tenkini kama ni safi. Kama ilikaa siku chache, washa, fungua kizibo cha tenki uone oili inarudi kwa kutema tema pamoja na hewa, subiri dakika chache, zima, hapo ndo uchovye. Giaboksi ina oili yake mbali, na kwenye nyingi kava la mnyororo wa klachi nalo lina yake, kila moja na kizibo chake cha kukagua, usije ukasema umepima oili wakati umepima sehemu moja tu.